Mpira wa Kwenda, Plastiki Nyekundu ya Kurudi

Tuliondoka Bukavu kwa sababu mama alikataa kusafirishwa akiwa maiti. Alikuwa ameona mara nyingi jinsi magari ya barabara ya Mwenga yanavyowapeleka wafu kwao: jeneza juu ya magunia, abiria juu ya jeneza, na dereva akilalamika kila kituo kwamba mzigo ule unamletea mkosi. Baba yetu, aliyekuwa wa kijiji kimoja na mama, alipelekwa hivyo hivyo. Kwa hiyo siku daktari alipotuita pembeni, mimi na kaka yangu, akatuambia kwamba ugonjwa wa mifupa umefika mahali ambapo dawa zake hazifiki, tulirudi kitandani tukamkuta mama ameshafunga kitambaa chake kichwani. Hakutaka kujua daktari alisema nini.

"Munipeleke kwetu," alisema. "Lakini sipendi kuingia nikiwa ya kulala. Nataka batu banione niko nakaa, nibasalimie na kinywa yangu."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lote la safari yetu: mama afike kijijini kwao, mbele kidogo ya Mwenga, akiwa hai na akiwa amekaa. Wakati huo Zaire ilikuwa na barabara nyingi kwenye ramani kuliko ardhini, na ile ya Mwenga ilikuwa mojawapo ya zile za kwenye ramani. Mimi nilikuwa daktilo katika ofisi moja pale Ibanda, kazi ya kukaa na kupiga mashine, na sikujua lolote juu ya magari isipokuwa kupanda na kushuka. Kaka yangu Kitoga ndiye aliyekuwa na jeep. Ilikuwa ya zamani, na ndiyo iliyolisha watoto wake: leo viazi vya Miti, kesho mchele wa Kamanyola, na mara chache, akibembelezwa sana, mizigo ya Mwenga. Kitoga aliipenda ile gari sana hivi kwamba mkewe alizoea kutuuliza kama mumewe alikuwa anaongea naye au na ile jeep.

Safari haikuweza kuanza mara moja kwa sababu silembloki zilikuwa zimekwisha. Kwa asiyejua magari, kama mimi wakati ule, silembloki ni kile kipande cha duara kinachoingizwa kwenye jicho la resoru, yaani springi ya mabapa ya chuma, pale inapoungana na mwili wa gari. Kinazuia chuma kisigongane na chuma, na kinapunguza mtikisiko unaopanda kutoka barabarani. Kikichakaa, kila shimo linafika kitini bila kupungua. Kwa mtu mwenye afya hilo ni kero tu. Mama yetu, kumgeuza kitandani tu kulimfanya ang'ate ncha ya kitenge chake.

Kadutu, mtaa mwingine wa Bukavu, kwenye karakana ya Papa Cirhuza, ndiko nilikoanza kujifunza. Papa Cirhuza alikuwa fundi wa Kitoga tangu gari iliponunuliwa, mtu mfupi, mkimya, anayefuta mikono kwanza ndipo akusalimie. Alitandika gunia chini akaweka aina mbili mbele yetu. Za kwanza zilikuwa za mpira mweusi, mpya, bado zina harufu ya duka. Za pili zilikuwa nyekundu, ngumu, za plastiki wanayoiita poliuretani, ambazo Kitoga alizipata kwa rafiki yake wa Kamanyola aliyezileta kutoka Bujumbura. Kitoga alikuwa akizihifadhi ndani ya soksi.

"Hii nyekundu iko nguvu," Papa Cirhuza alisema. "Matope haiiwezi, mafuta haiiwezi. Unaipakaa grisi, itadumu myaka. Lakini haina huruma. Kila jibwe ya njiani utaisikia. Hii ya kauchu inameza jibwe. Ila njia ya Mwenga itaikula mbio."

"Basi ni nyekundu," Kitoga alisema.

"Basi ni ya mpira," nilisema mimi wakati huo huo.

Tukabishana pale pale mbele ya watu. Kitoga hakuwa mkatili, na ningependa msomaji aelewe hivyo. Alikuwa amewahi kulala matopeni baada ya Kasika, njiani kwenda Mwenga, kwa sababu ya silembloki ya mpira iliyopasuka, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba mpira utatuacha msituni na mama ndani ya gari, mvua juu, bila nyumba karibu. Plastiki itamuumiza, alisema, lakini itamfikisha. Mimi nilikuwa nimelala chumba kimoja na mama kwa miezi na nilijua sauti ya kila maumivu yake. Niliona kwamba akiumia njia nzima, kutoka mlangoni kwetu mpaka kwao, hatutafikisha mtu. Papa Cirhuza hakutuamulia. Alisema kila mmoja yuko sahihi, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni Kitoga alizileta zote mbili nyumbani, moja mkono huu, moja mkono ule, akamweleza mama bila kuficha. Ile inaumiza lakini ni ya hakika. Hii ni laini lakini inaweza kukatika njiani. Mama alizichukua, akazipima mkononi, kisha akazibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Nyekundu haikubadilika. Nyeusi ilibonyea kidogo, halafu ikarudi.

"Hii inasikia mutu," alisema, akanipa ile ya mpira. "Muweke hii. Ikikatika, itakatika. Ile ingine mubebe mu gari, mutarudia nayo."

Wakati ule nilidhani alisema tu. Baadaye nilikumbuka kwamba alisema mutarudia, hakusema tutarudia.

Siku moja kabla ya kuondoka, Papa Cirhuza alikuja nyumbani kwetu Nyawera na funguo zake, zile spana. Mipira alikuwa ameshaiingiza, lakini ana desturi yake: hakazi bulo za mwisho, zile bolti zinazoshika silembloki, mpaka kila atakayesafiri aketi mahali pake. Mpira ukikazwa gari likiwa limeinuliwa, alituambia, unabaki umejipinda, na ukishabebeshwa uzito unaanza safari ukiwa tayari umechoka. Kwa hiyo Kitoga alikaa kwenye usukani. Tulimtoa mama kwa mkeka, tukampandisha kiti cha nyuma kati ya mito na godoro lililokunjwa, nami nikakaa kando yake. Fundi akaingia chini ya gari.

"Papa," mama aliuliza kwa juu, "uko napima uzito yangu?"

"Hapana, Maman. Niko nafundisha gari vile mutakaa."

Mama alicheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka, na kwa muda mfupi nilisahau kwa nini tulikuwa tumekaa ndani ya gari lisilokwenda popote.

Asubuhi ya safari, kabla hatujafungua lango, majirani walikuwa wameshafika. Nilipaswa kulijua hilo. Gari linalokwenda Mwenga kutoka Bukavu si la mwenyewe, ni la kila mtu mwenye ndugu upande ule. Mwalimu wa nyumba ya chini alileta gunia la chumvi kwa wazazi wake. Mjane wa mtaa wa pili alileta kichwa cha cherehani kwa binti yake aliyeolewa huko. Wakaja watu wa sabuni, wa mabeseni, wa nguo za ubatizo zilizofungwa kwa gazeti. Mwisho wakaja vijana wawili na mabati ya nyumba ya baba yao, mapya, yanang'aa. Kitoga aliniangalia, akaenda kuongea na mama dirishani kwa sauti ya chini.

"Mama, Papa Cirhuza alikaza juu ya uzito ya batu tatu. Haiko juu ya mabati."

"Gari inaenda kwetu, na utaambia mutu hapana?" mama alisema. "Mimi niende mikono mitupu, sawa mutu mwenye alifukuzwa? Pakia."

Hakuna kati yetu aliyeweza kumkatalia, siku ile kuliko siku zote. Sidhani kuna mtu wa Bukavu mwenye asili ya kule ambaye angekataa. Kitoga alipakia mpaka resoru za nyuma zikalala. Mama alitaka aambiwe kila kifurushi ni cha nani, na alikuwa akirudia majina kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Chumvi ya wazazi wa mwalimu. Cherehani ya binti wa mjane. Tulipotoka langoni alikuwa ameyashika yote.

Kutoka mjini barabara inapanda, na ziwa linabaki nyuma chini, likionekana na kupotea kati ya mikaratusi. Kitoga aliendesha taratibu kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa akilikaribia kila shimo kwa pembe, gurudumu moja kwanza, halafu la pili. Na mipira ilifanya kazi yake. Gari lilikuwa likishuka na kupanda, lakini kile kishindo nilichokuwa nimejiandaa nacho hakikufika. Mama alikuwa macho, akitazama nje. Mashambani wanawake walikuwa wakilima mteremko, na kila walipoinua vichwa yeye aliinua mkono.

Kabla ya Mugogo tulikuta kizuizi. Askari mmoja aliinama dirishani, akaona mabati, uso wake ukafurahi.

"Sitwayeni, mizigo hii yote?" aliuliza, akimwita Kitoga raia kama nchi ilivyotaka wakati ule.

"Tuna mgonjwa," nilisema.

Mwenzake aliyekuwa mzee kidogo alikuja akatazama ndani. "Mobeli azali na kati," alimwambia yule wa kwanza kwa Kilingala, mgonjwa yuko ndani. Mama alimsalimu, akamwuliza kama na yeye ana mama. Askari akasema anaye, yuko mbali, upande wa Equateur. Akainua mti wa kizuizi mwenyewe. Nimewasema vibaya askari wa nchi ile mara nyingi, na nitawasema tena, lakini huyo simsemi.

Mchana tulipita mashamba ya chai na baridi ikaanza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkono wa mama ulikuwa mzito juu ya wangu, nikainama karibu na uso wake mpaka nilipomsikia akipumua. Alikuwa amelala. Nyumbani alikuwa akisinzia na kushtuka, kusinzia na kushtuka, usiku kucha. Hapa, ndani ya jeep iliyojaa chumvi na mabati, alilala kabisa, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba. Nilimgusa Kitoga begani. Akaangalia kwenye kioo, akapunguza mwendo zaidi.

Burhale tulifika jua likiwa bado juu, tukapokelewa na katekista mmoja na mke wake, Maman Nsimire, watu ambao Kitoga huwaletea sabuni. Walitupa chumba chao, wao wakahamia kwa watoto. Maman Nsimire alileta mashanza, yale maziwa ya kuganda, akamlisha mama kwa kijiko bila kuomba ruhusa yangu, na mama akala zaidi ya alivyokula kwa wiki nzima.

"Unaenda kutembelea batu bako?" Maman Nsimire aliuliza.

"Naenda kubaki," mama alijibu.

Maman Nsimire aliendelea kumlisha. Alipomaliza alifuta kijiko kwa kitenge chake, akasema, "Basi kesho musiende mbio. Mwenye anaenda kubaki hana haraka."

Asubuhi, Kitoga alilala chali chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa wa kazi. Aliniambia pembeni kwamba mpira wa resoru ya nyuma, upande wa kushoto, umeanza kuchanika pembeni. Uzito wa mizigo ulikuwa umeupinda kuliko ulivyokazwa, na kila shimo lilikuwa limeuvuta zaidi. Angeweza kubadilisha pale Burhale, kuweka nyekundu, lakini mpira ukiingia kwenye jicho la resoru hautoki kwa maneno: unautoa kwa nyundo, kwa moto, na kwa muda. Tungepoteza siku. Mama alikuwa ameamka na nguvu ambayo sote wawili tulijua si ya kudumu. Alikuwa ameshajifunga kitambaa, akiuliza tunasubiri nini. Tukaondoka.

Kutoka pale barabara inaiacha nchi ya baridi na kushuka kwenye msitu. Hewa ikawa nzito, miti ikafunga pande zote, na udongo ukageuka mwekundu na utelezi. Tulipopita Kasika mvua ilianza. Si mbali baada ya hapo nilisikia mlio nyuma yangu, ko, halafu ko tena, na gari likavuta kushoto. Kitoga alisimama. Hakuhitaji kushuka kutazama, lakini alishuka, akarudi ameloa.

"Imeisha," alisema. "Sasa ni chuma na chuma."

Tulizungumza pale mvua ikipiga juu ya mabati. Mimi nilisema tushushe mizigo, tuiache kwenye nyumba tuliyoiona nyuma kidogo, tuifuate siku nyingine. Gari likiwa jepesi litapiga kidogo. Kitoga alikubali mara moja na akaanza kufungua kamba. Mama ndiye aliyekataa.

"Acha ile kamba," alisema.

"Mama, utaumia," nilisema.

"Feza, minajua," alisema, akinitaja jina. "Ile ni bintu ya batu. Nataka niipane mimi, na mukono yangu. Ukiiacha hapa, mimi ntafika na nini? Na ugonjwa tu?"

Kitoga alisimama mvuani na kamba mkononi. Alinitazama. Akaifunga tena.

Sehemu iliyobaki siielezi yote. Kila jiwe lilipanda bila kuzuiwa na kitu, na kwa kila jiwe mwili wa mama ulikakamaa. Alianza kuteleza kwenye kiti kwa sababu hakuweza tena kujishikilia. Basi nikapanda nyuma yake, nikamkalisha kifuani pangu kati ya magoti yangu, nikachukua kitenge changu nikatufunga pamoja, mimi na yeye, kama wanawake wanavyofunga watoto, ila mimi ndiye niliyekuwa mgongoni. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nikipokea kishindo kwanza na mgongo wangu, na kile kilichobaki kilimfikia. Hakulia. Alikuwa akirudia majina ya mizigo: chumvi ya wazazi wa mwalimu, cherehani ya binti wa mjane. Akikosea alianza upya.

Mwenga tulipita bila kusimama. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na barabara ilitoa mvuke. Tulipokata kona ya mwisho Kitoga alipiga honi kwa muda mrefu, na watu wakaanza kutoka nyumbani na mashambani, wengine na matope ya machimboni bado miguuni. Walijua gari la Kitoga. Niliona nyuso zao zikitafuta jeneza.

Mama aliniambia nimfungue kitenge. Nilimfungua, nikamshika kiuno kwa chini mahali ambapo hawangeona. Alinyoosha shingo, akaweka mkono mmoja dirishani, na gari likaingia uani kwao naye amekaa.

"Mwamuka?" aliwauliza, ile salamu ya kwao ya kujua kama wameamka salama, kana kwamba wao ndio waliokuwa wamesafiri.

Mdogo wake, ambaye sisi tunamwita mama mudogo, alikuja mbio mpaka gari, akashika ule mkono wa dirishani, akaanza kulia. Mama alimwambia aache kwanza, kuna kazi. Akataka mizigo iletwe mbele yake mmoja mmoja. Aligusa kila kifurushi, akataja jina la mwenyewe na jina la aliyetuma, na kila mtu alikuja dirishani kupokea na kushukuru. Wazee wa mwalimu walipiga magoti kwa ajili ya ile chumvi. Binti wa mjane alipopewa cherehani alicheka na kulia pamoja. Mama hakukosea hata jina moja. Yalipobaki mabati, aliyagusa kwa kiganja, akasema, "Na hii ni ya nyumba," halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sasa anaweza kulala.

Aliishi siku chache. Hakukaa tena. Jioni moja, kichwa chake kikiwa mapajani pa mama mudogo, nilimwomba msamaha kwa ile njia baada ya Kasika. Nilimwambia huenda Kitoga alikuwa sahihi, kwamba nyekundu ingemwumiza njia nzima lakini si vile. Alifikiri kwanza. Mama hakuwa mtu wa kukujibu ili kukufurahisha.

"Inawezekana," alisema. "Lakini kule ku chai, nililala."

Alikufa asubuhi, watu wakienda mashambani, na habari ikawarudisha wote. Tulimzika karibu na baba. Katika nyumba ya yule mzee aliyeletewa mabati, vijana wa kijiji waliacha kupigilia misumari siku ile kwa heshima, na paa likabaki nusu.

Kabla ya kurudi, Kitoga alibadilisha silembloki. Aliinua gari kwenye magogo, akachoma moto mabaki ya mpira, akagonga kwa nyundo siku nzima. Ile ya kushoto ilitoka vipande vipande. Zile nyekundu alizipaka grisi, akaziingiza, akalishusha gari chini. Halafu akaingia chini yake na ufunguo, na kwa mazoea ya Papa Cirhuza akasema, "Mukae."

Nilipanda, nikakaa mahali pangu nyuma. Godoro lilikuwa bado limekunjwa, mito bado ina alama. Nilisubiri nisikie ufunguo ukizunguka. Haukuzunguka.

"Nimekaa, yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Nilimsikia akilia chini ya gari, kilio cha mwanaume mkubwa anayejaribu kuziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Sikushuka. Nilibaki nimekaa pale kwa sababu hilo ndilo aliloniomba, na baadaye ufunguo ukazunguka, akakaza bulo zote kwa uzito wa mtu mmoja.

Njiani kurudi gari lilikuwa tupu, isipokuwa mkungu wa ndizi na dumu la mawese, zawadi za waliopokea mizigo. Plastiki nyekundu ilikuwa kama Papa Cirhuza alivyosema. Gari lilishika barabara vizuri, halikuvuta upande wowote, halikulia. Na kila jiwe nililisikia. Nilijaribu kulipima: hili lingemwumiza kiasi gani, na lile. Mahali palipotutesa kwa chuma na chuma, nyekundu ilikuwa nafuu kubwa, lazima niseme ukweli. Lakini tulipopanda hadi kwenye mashamba ya chai, mahali alipolala, nilirushwa kitini mara nyingi hivi kwamba nisingeweza hata kusinzia. Nilitaka safari inipe jibu ni ipi ingefaa. Kasika ilinipa jibu moja, chai ikanipa jingine.

Burhale Maman Nsimire alitoka kutulaki, akatazama kiti cha nyuma, akarudi ndani. Alileta bakuli la mashanza, akatukalisha, akatulisha kwa macho mpaka tukamaliza.

Bukavu tulikuta majirani wameshajua. Habari za msiba zina barabara nzuri kuliko sisi. Walikuwa wametandika mikeka uani na wanawake walikuwa wakipika. Yule mjane alinishika mikono miwili, akaniuliza kama binti yake aliipata cherehani, na kutoka mkononi mwa nani. Nilimwambia, na alitaka nimwambie tena. Mwalimu naye alitaka kusikia. Siku zile zote za matanga nilihadithia jambo moja tu, vile mama alivyoita majina akiwa dirishani, na sikuchoka. Nadhani hilo ndilo nililojifunza, kama lazima msafiri ajifunze kitu: kwamba mimi nilikuwa nimefikiri tunabeba mgonjwa, naye wakati wote alikuwa anapeleka mizigo.

Papa Cirhuza alikuja jioni. Alifuta mikono, akatusalimu, akakaa mkekani na wengine. Baadaye, kwa kuwa hawezi kujizuia, alienda akainama chini ya jeep. Alirudi akachuchumaa karibu na Kitoga.

"Uliweka nyekundu. Kauchu ilikufia wapi?"

"Mbele kidogo ya Kasika."

"Na Maman?"

"Alifika akiwa ya kukaa."

Papa Cirhuza alitikisa kichwa polepole kukubali. Alisema mpira mwingine ataupata, kuna mtu anatoka Kigali, na kwamba nyekundu inachosha mwili, Kitoga alete gari wiki ijayo amrudishie ile laini.

"Acha nyekundu ibakie, Papa," Kitoga alisema. "Mwenye tulikuwa tunatafutia laini, alishafika."